Shanta Tatu za Kwenda Namidimu

Tangu bendera mpya ilipopandishwa ng'ambo ya mto Ruvuma, Athumani hakukaa tena kitini akatulia. Alikuwa fundi cherehani, na kibaraza chake kilikuwa karibu na soko la Mtwara. Wateja walianza kunung'unika: suruali ya huyu imekatwa haijaungwa, gauni la yule limeungwa halina mikono. Ukifika unamkuta amesimama nje, mkono kiunoni, anatazama barabara inayoshuka kwenda Kilambo, kwenye kivuko. Ukimwita Athumani, anageuka taratibu. Ukimwita Agostinho, jina alilokuja nalo alipovuka mto kuvikimbia vita vya Wareno, anageuka mara moja.

Mkewe, Zuhura, aliliona hilo kabla ya mtu mwingine. Jina la Athumani alilichukua aliposilimu mbele ya wazazi wake Zuhura kule kijijini Ziwani, siku chache kabla ya ndoa, na miaka yote lilimkaa vizuri. Sasa ilikuwa kama limeanza kumbana kwapani.

Alasiri moja alirudi nyumbani Likombe akiwa na kipande kikubwa cha turubai kuukuu la lori begani. Akakibwaga uani, mbele ya Zuhura aliyekuwa akimenya mihogo.

"Mama Salma," alisema, "nataka kwenda Namidimu."

Zuhura hakuuliza Namidimu ni wapi. Habari zake alizijua tangu enzi za uchumba, na mtoto wao Salma alilazwa kwa habari hizo hizo. Ni korongo refu, kavu, kule alikozaliwa mumewe, chini ya uwanda wa juu wa Wamakonde wa ng'ambo. Mvua ikinyesha, maji hupita humo kwa kishindo, kesho yake ni mchanga mtupu. Na ndani kabisa, kuta zinapokaribiana, mna michoro ya rangi nyekundu juu ya mwamba, ya watu wa zamani ambao hakuna anayejua walikuwa kina nani. Bibi yake Agostinho alimpeleka mara moja alipokuwa mdogo, akamimina unga chini ya mwamba, akamkataza kunyoosha kidole. Kisha vita vikaja, na korongo likawa njia ya wapiganaji.

"Kuangalia michoro?" Zuhura aliuliza.

"Kuangalia michoro."

"Halafu?"

"Halafu kurudi."

Jibu lilikuja, lakini lilikawia kidogo, kama mtu anayetafuta chenji mfukoni. Zuhura akaendelea kumenya.

Wiki hiyo binamu wa mumewe, Fernando, alivuka akaja kuwaona. Alikuwa mtu mwembamba, mwenye Kiswahili alichokiokota kambini wakati wa vita, na safari nzima waliipanga wakiwa wamechuchumaa uani, Fernando akichora mchangani kwa kijiti. Hapa mto. Hapa kijiji chake. Hapa mdomo wa korongo.

"Njia hii wacha," alisema, akifuta mstari mmoja kwa kiganja. "Wareno walitega mabomu. Ng'ombe wa mtu alikufa juzi tu. Tunapita huku, nyayo zangu nyie mnafuata. Mtu asiende pembeni hata kwa haja ndogo."

"Na maji?" Zuhura aliuliza kutoka jikoni.

Wanaume wakatazamana.

"Kuna kisima," Athumani alisema. "Katikati ya korongo, chini ya mkuyu. Bibi alichota pale."

"Bibi alichota pale lini?"

Fernando akacheka. "Shemeji anauliza kweli. Mimi kisima hicho sijakiona tangu vita."

Tangu hapo Athumani hakuwa na suala jingine kichwani ila maji. Alikusanya vibuyu, akaomba galoni za bati kwa jirani, akazijaza, akazinyanyua, akazipunguza, akazijaza tena. Lile turubai alilikata akashona shanta mbili za kubeba mgongoni. Alitia mchanga ndani, akaivaa moja, akazunguka nyumba mpaka majirani wakatoka kumtazama. Mikanda ikamkata mabega. Akaifumua, akashona upya, akatia vitambaa ndani ya mikanda, akazunguka tena. Chakula chake alikiacha nusu. Hata kwenye sala alikuwa wa mwisho kufika na wa kwanza kuondoka.

Zuhura naye alishindwa kutulia. Alitwanga makopa ya mihogo akapata unga, akakaanga korosho, akachemsha ming'oko, vile viazi vya porini, akakausha samaki wenye chumvi wasioharibika njiani. Kila alipomaliza kitu aliona hakijatosha. Alikuwa akipakia chakula cha mume anayekwenda kutembea, lakini mikono yake ilikuwa ikifanya kazi kama ya mtu anayemfungia mzigo mtu anayehama.

Asubuhi moja Athumani alipokwenda kibarazani, Zuhura aliifungua shanta ya mumewe ili apange samaki chini, mbali na shuka. Chini kabisa, ndani ya shati, akagusa kitu kizito. Alikitoa. Ulikuwa ni mkasi wake mkubwa wa kukatia nguo, na pamoja nao tepu ya kupimia, chaki na sindano za cherehani zilizofungwa kwenye karatasi.

Alikaa navyo mapajani mpaka jua likawa kali. Halafu akajifunga kanga, akaenda sokoni kwa miguu.

Athumani alikuwa akimpima mteja mabega kwa uzi. Zuhura alimsubiri mteja aondoke, ndipo akauweka mkasi juu ya meza ya cherehani.

"Michoro ya mawe inakatwa kwa mkasi, Baba Salma?"

Athumani aliuangalia mkasi. Hakukasirika, na hilo ndilo lililomtisha mkewe.

"Kule hakuna fundi," alisema mwishowe. "Fernando anasema watu wametoka msituni wamevaa magunia. Nikasema, nikifika, labda nishone mawili matatu."

"Mawili matatu, halafu?"

"Zuhura."

"Nakuuliza. Halafu? Unarudi au hurudi?"

Athumani alikaa. Kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi alikaa kweli, mgongo umeegemea ukuta. "Sijui," alisema. "Wallahi sijui. Nikiwa hapa nawaza kule. Usiku naota bibi ananiambia nisinyooshe kidole. Nimejiambia nikiiona ile michoro, nitajua mimi ni mtu wa wapi. Kama ningekuwa na jibu ningekupa."

Zuhura alitamani kumpiga. Alitamani pia kumshika kichwa. Hakufanya lolote kati ya hayo, maana watu walikuwa wanapita. Aliuchukua ule mkasi, akausukuma kifuani kwa mumewe.

"Basi nishonee na mimi shanta," alisema. "Nyembamba mabegani. Kama utajua, utajulia mbele yangu."

Athumani alikataa, bila shaka. Alisema njia ni mbaya, alisema mabomu, alisema kila mtu anayeongezeka ni maji yanayoongezeka. Zuhura akamjibu kwamba tangu apate akili amekuwa akibeba maji yake na ya wengine. Ugomvi ule uliwafuata mpaka nyumbani, ukalala nao, ukaamka nao. Siku ya tatu cherehani ilisikika ikilia mfululizo, na jioni shanta ya tatu ilikuwa imetundikwa msumarini.

Mama yake Zuhura, Bi Mwanaisha, alipoletewa mjukuu Ziwani alishika kiuno. "Nimeona watu wanasafiri kwa msiba na kwa harusi. Kwa mawe?"

"Tunakwenda kuangalia tu, mama, tunarudi."

"Huyo mumeo ndiye aliyekwambia mnarudi?"

"Mimi ndiye ninayekwambia."

Walivuka Kilambo kwa mtumbwi, mapema, viboko wakipumua mbali kwenye maji ya kina. Fernando aliwapokea ukingoni. Walilala kijijini kwake, na Zuhura aliona kwamba habari za magunia hazikuwa chumvi. Wanawake walimpapasa kanga yake kwa vidole, wakicheka, wakimsemesha Kimakonde cha huko, naye alikipata nusu. Mumewe alikuwa akizungumza kwa sauti ambayo Zuhura hakuijua, ya haraka, ya juu, yenye mikono. Kila mtu alimwita Agostinho.

Alfajiri walishika njia. Fernando mbele, Athumani nyuma yake, Zuhura mwisho, mguu wake ukikanyaga pale pale palipokanyagwa. Alikuwa amezoea mzigo wa kichwani. Huu wa mgongoni ulimvuta nyuma kama mtoto mkaidi. Jua lilipopanda waliingia korongoni. Mchanga ulikuwa mweupe na wa moto, kuta zilipanda pande zote mbili, na hakukuwa na ndege hata mmoja. Nyasi zilizoshikilia mawe zilivunjika ukizigusa.

Mkuyu waliukuta. Ulikuwa umesimama pale pale aliposema Athumani, lakini umekauka, na chini yake kisima kilikuwa kimejazwa mawe hadi juu. Mtu alikuwa amekijaza kwa makusudi, ili mwenzake asinywe. Upande gani wa vita, hapakuwa na wa kuuliza.

Athumani alipiga magoti, akaanza kuyatupa mawe. Alitupa kama kichaa, mawe makubwa, mpaka Fernando akamkamata mkono.

"Agostinho, wacha. Huwezi kujua chini kuna nini."

"Kuna maji!"

"Au bomu. Tunarudi. Nimesema, bila kisima tunarudi."

"Hapa mpaka pale ni karibu! Nimekuja kote huku nirudie hapa?"

Sauti zao ziligonga kuta zikarudi. Zuhura alivua shanta, akatoa vibuyu, akavipanga kivulini. Alivinyanyua kimoja kimoja, kama anavyonyanyua maji yake kila siku ya Mungu kujua yatafika jioni au hayatafika.

"Nyamazeni," alisema. "Kulala humu hatuwezi. Hilo limekwisha. Tukiacha mizigo yote hapa na kubeba maji haya tu, tunafika, tunaangalia, tunarudi kabla jua halijazama. Haya mengine yanabaki chini ya jiwe. Hayaguswi mpaka tumegeuza nyuso kurudi nyumbani. Atakayeyagusa kabla, mimi simjui."

Fernando alimtazama binamu yake. "Huyu ulimpata wapi?"

"Ziwani," Athumani alisema, akihema.

Walikwenda wepesi. Kuta zilikaribiana hadi anga ikabaki mkanda, na penye kona moja Athumani alisimama ghafla, Zuhura nusura amgonge.

Michoro ilikuwa juu kidogo ya vichwa vyao. Mistari myekundu, iliyokolea kama damu ya ng'ombe, ikikaa sambamba, mingi. Duara lenye duara ndani yake. Kitu chenye pembe ambacho huenda kilikuwa pofu, yule swala mkubwa, kimebanduka miguu. Nukta, nukta, nukta, kama za vidole vya mtu aliyesimama hapo hapo waliposimama wao. Sehemu moja risasi zilikuwa zimeutoboa mwamba. Na chini, penye jiwe bapa, kulikuwa na unga mkavu uliomiminwa si zamani. Pamoja na vita vyote, kuna mtu alikuwa bado anakuja.

Zuhura alihisi mwili umesisimka. Hakutarajia. Alikuja kumlinda mume, lakini macho yake yalikuwa yamenaswa na zile nukta, akizifuata kutoka ukingo hadi ukingo. Zilipoisha alirudi mwanzo.

Athumani alitazama. Alisogea kulia, akatazama, akasogea kushoto. Alikaa chini, akainuka. Muda si mrefu akawa anatazama mchanga.

"Nilidhani ni kubwa zaidi," alisema.

"Ulikuwa mdogo wewe," Fernando alimjibu.

"Nilidhani nikifika nitajua."

"Umejua nini?" Zuhura aliuliza.

Athumani alijifuta uso kwa mkono, akacheka kicheko kikavu. "Nimejua nina kiu."

Walirudi mkuyuni jua likiwa limelala, wakanywa maji yaliyofichwa, ya moto, yenye ladha ya kibuyu, kisha wakatoka wakalala nje, mdomoni mwa korongo. Walipokikaribia kijiji kesho yake, watu walimzunguka Athumani. Mzee wa kamati ya kijiji alitaka kujua kama fundi amekuja kukaa. Zuhura alisimama kando, mikanda ya shanta ikimchoma mabega, akasubiri jibu kama watu wengine. Hakumsaidia kulipata.

"Nitakuja baada ya msimu wa korosho," Athumani alisema. "Nishone mpaka mvua ziishe. Mke wangu akikubali, tuje wote. Lakini nyumbani kwangu ni Likombe."

Alilisema kwa Kimakonde, kisha akamgeukia mkewe akalirudia kwa Kiswahili, neno kwa neno, kama shahada. Zuhura aliitikia kwa kichwa. Alijua lile ni jibu la leo. Mwakani lingehitaji kuulizwa upya, na mwaka unaofuata pia. Aliona angeweza kuishi na hilo, ingawa asingeweza kulifurahia.

Bi Mwanaisha alikuwa akianika mihogo waliposhuka barabarani Ziwani, wamejaa vumbi. Alimtazama mkwewe kwanza, akahakikisha ni yeye, akaitikia shikamoo yake, kisha akamgeukia binti yake.

"Haya, mmeona nini huko?"

Zuhura alifungua mdomo. Alitaka kusema juu ya unga, juu ya ukimya, juu ya zile nukta ambazo mtu alizipiga kwa vidole vyake akaondoka asijulikane.

"Mistari, mama. Mistari myekundu."

"Mistari tu?"

"Mistari tu."

Bi Mwanaisha akatikisa kichwa, akarudi kwenye mihogo yake. Salma alikuja mbio akamrukia mama yake shingoni. Zuhura alimkumbatia, lakini miguu yake, iliyojaa malengelenge, ilikuwa bado inatembea, na macho yake yalikwenda yenyewe kwa Fernando, aliyewasindikiza mpaka pale na sasa alikuwa akinywa maji kibarazani.

"Shemeji," alimwita, "hivi huko kwenu hakuna makorongo mengine?"