Sauti ya Clifford, Picha Yangu

Mimi sikuwa na shida na Clifford Owino mpaka aliponunua kamera. Kabla ya hapo alikuwa karani wa kiwanda cha chai, mtu mpole, akinisalimia vizuri kila tukikutana sokoni Kapsoit. Mpiga video alikuwa mmoja tu, na ni mimi. Harusi zote hadi Chebunyo niliitwa mimi. Kisha mwaka wa tisini na nne akatokea na kamera yake ndogo, na watu wakaanza kusema eti kwenye kanda za Clifford unasikia hata mwimbaji akivuta pumzi. Kwenye zangu, walisema, unasikia mabati.

Kweli, mvua yetu ya saa tisa haina adabu. Lakini lililoniuma ni kwamba hata Rodah, mke wangu, alisema hivyo hivyo, tena akinimiminia chai.

Siku ya tamasha la kwaya ya kanisa letu, Johana, mwalimu wa kwaya hiyo, alituita sote wawili. Kanda itakayoshinda ndiyo ingetolewa nakala na kuuzwa kwa jina la kwaya. Rodah ndiye angeongoza wimbo wa mwisho. Nilitaka mke wangu aonekane kwenye kanda ya mumewe, basi.

Clifford alifika mapema, akasimamisha maikrofoni mbele ya waimbaji, akavuta waya mrefu hadi kwenye kamera, akavaa visikizio. Halafu akamshika Rodah begani na kumsogeza hatua moja. Begani! Mimi mwenyewe nilikuwa nimesimama pale.

"Bwana Bethwel," akaniambia, "kuja nikugawie waya. Hiyo maiki ya kamera inashika tu kile kiko karibu nayo."

"Niko sawa," nikamjibu. "Hii kazi nimeifanya tangu ukiwa shule."

Wakaimba, na mvua ikaja kama kawaida. Wimbo wa mwisho ulipoanza, kamera yangu ilikuwa juu ya stendi, imemwelekea Rodah, nami nikaacha kuichungulia. Nilimchungulia Clifford. Alikuwa amefumba macho, anatabasamu, sauti ya mke wangu ikimwingia masikioni moja kwa moja, huku mimi nikipigiwa mabati.

Jumapili baada ya ibada, kwaya nzima ilijazana sebuleni kwa Johana kutazama kanda zetu. Ya Clifford ilitangulia. Sauti ilikuwa safi, siwezi kudanganya, ila stendi ya maikrofoni ilikuwa imeukata uso wa Rodah katikati. Nikaketi vizuri kwenye kiti.

Ikawekwa yangu. Uso mzima, mwanga wa dirisha umemkaa vizuri. Halafu, juu ya mvua, ikasikika sauti ya mtu aliye karibu kabisa.

"Ona huyo. Anafumba macho ya nini? Kwani bibi ni wa nani? Na wewe Rodah, unaimbia yeye tu. Hata mara moja, mama, niangalie mimi."

Ilikuwa sauti yangu. Nami nilidhani nilikuwa nawaza tu.

Waimbaji waliangukiana kwa kicheko. Nilitamani kutoroka, lakini macho yalikwama kwenye televisheni. Rodah alikuwa ananitazama. Kuanzia ubeti wa kwanza hadi wa mwisho, alitazama moja kwa moja kwenye kamera yangu.

Yeye hakucheka.

"Nilikuwa nakuangalia, Baba Fancy," akasema. "Wimbo yote. Wewe ulikuwa unaangalia nani?"

Johana aliamua kanda iwe moja: picha yangu, sauti ya Clifford. Clifford akaziunganisha, na imeuzwa hadi Mulot. Watu wanaisifu sana. Mimi huiweka nikiwa peke yangu. Mke wangu ananitazama wimbo mzima, anaimba kwa sauti aliyoinasa Clifford, na mimi niliyemwomba aniangalie sisikiki popote.