Muhuri Kwenye Paja

Paja lilikuwa limeanza kunuka, na Mnofu hakuthubutu kulishusha.

Wateja ndio waliompa jina hilo, kwa vile hakuwa mtu wa kujaziliza mifupa kwenye mizani. Serikali ya wakoloni ilipopiga marufuku kuuza nyama isiyokaguliwa machinjioni na kupigwa muhuri, alitii kwa moyo wote. Mkaguzi, Bwana Afya, alikuwa mdogo wa mkewe. Ng'ombe wa juzi alimgonga muhuri wa zambarau pajani, mahali pamoja tu, maana wino ulikuwa haba. Mnofu akauza shingo, akauza mbavu, akauza hata mkia, lakini paja akalitundika mlangoni, muhuri ukitazama barabara. Kwa akili yake, muhuri ulikuwa wa duka, kama leseni ile ukutani. Ukiondoka, duka halina ruhusa.

Ndiyo maana leo alfajiri, alipomsubiri Bwana Afya machinjioni bila kumwona, alichinja ng'ombe mwingine na kubeba nyama bila wasiwasi. Muhuri si upo dukani?

Sasa ndoano zote zilikuwa zimejaa nyama mbichi, na hakuna mteja aliyevuka kizingiti.

"Watu wanapita wameziba pua," mkewe alisema, akifukuza nzi. "Lishushe, baba."

"Nikilishusha, mdogo wako atafunga duka."

"Usipolishusha, nzi watalifunga kabla yake."

Bwana Afya akaingia anahema, mkoba begani. "Shemeji, nisamehe, baiskeli imenitupa njiani. Bwana Mkubwa wa wilaya anakagua mabucha mchana huu, na leseni yako..." Harufu ilikuwa imemfikia. "Kuna nini humu?"

"Nyama yenye muhuri," Mnofu alijibu, kwa fahari kidogo.

"Imeoza!"

"Lakini ina muhuri."

"Na hii nyingine?"

"Hiyo nzima. Haina muhuri."

Bwana Afya akalitazama paja, akaitazama nyama mbichi, akarudi kwenye paja. Alitoa chupa ya mafuta ya taa mkobani. Sheria ilisema nyama isiyo na muhuri imwagiwe mafuta, isiliwe na mtu wala mbwa. Mkono ukamgoma.

"Unamwaga wapi?" dada yake aliuliza. "Kwenye nzima?"

"Dada, usinichanganye."

"Mimi nimeshachanganyikiwa zamani. Karibu."

Bwana Afya alilimwagia paja, akalishusha na kulifukia nyuma ya duka. Hapo hakuwa na shaka. Kisha akaomba maini na mapafu ya ng'ombe wa leo. Kwa kuwa harufu ilifukuza wateja, vyote vilikuwa bado ndooni. Akavipasua kwa kisu chake, akavitazama karibu na dirisha, akavibonyeza. Vilikuwa safi.

"Basi gonga!" Mnofu aliruka.

"Siwezi, shemeji. Sheria inasema nyama ikaguliwe kabla haijatoka machinjioni. Hii imeshatoka."

Mnofu aliitazama leseni ukutani kama mtu anayeaga.

"Kama kosa ni kutoka," mkewe alisema taratibu, "si irudi?"

Wakarudi. Mnofu na mguu begani, mkewe na ndoo kichwani, Bwana Afya na mbavu mikononi, koti lake la serikali likilowa damu. Watu walisimama kuwashangaa: nyama inarudishwa machinjioni, itafufuliwa? Wakaenda tena na tena hadi ndoano za dukani zikabaki tupu. Machinjioni waliitundika, ikakaguliwa upya, ikagongwa muhuri pajani, wakaibeba tena hadi dukani.

Bwana Mkubwa alipita, akanusa, akaona zambarau, akaitikia kwa kichwa na kuondoka.

Mteja wa kwanza akaingia. "Nipe paja."

Mnofu aliinua kisu, kikabaki hewani. Akamgeukia shemeji yake. "Nimuuzie?"

"Muuzie. Ni nyama."

"Na hizi zitakazobaki, zitakuwa na muhuri gani?"

Bwana Afya akatoa tena kibweta cha wino, akakikagua kama kingetosha, akaanza kugonga mbavu.