Tope la Tini

"Hizi tini ni tamu, Bi Rahima, lakini bakteria hawazijali," alisema Quinter, akiziponda kwenye kinu cha maabara. Alikuwa msaidizi aliyetoka Kisumu, mpole, na kwa wiki ya tatu sasa alikuwa akinunua tini kavu dukani kwa kilo.

Rahima aliendelea kusuuza visahani. Kazi yake ilikuwa kuosha vyombo na kukusanya chochote cha kupimwa: majani, matunda, tope la mikoko ya kisiwa cha Manda. Mwezi uliopita alileta chupa mbili za tope. Moja ya juu juu, nyingine ya chini ya mizizi, alikozamisha mkono hadi kwapani. Akaziandika kwa Kiamu cha mamake, lahaja ya Lamu: YUU kwa ile ya juu, TINI kwa ile ya chini. Chupa ya pili iliua bakteria wa vidonda walioshinda kila dawa. Kitu ndani yake kiliziba protini ambayo bakteria hawawezi kuishi bila hiyo, kama kijiti kilichovunjikia ndani ya kufuli. Tope lilipokwisha kwa vipimo, Quinter, asiyejua Kiamu, alisoma jina kwenye chupa tupu, akaandika kwenye kompyuta: tunda la tini.

Rahima aliliona kosa siku hiyo hiyo. Akanyamaza.

Alinyamaza kwa sababu ya Nusra. Waliketi dawati moja shuleni, na Rahima ndiye aliyemfundisha mwenzake kemia. Kisha Rahima akaozwa, Nusra akaenda chuo. Leo ni Daktari Nusra, mkuu wa maabara hii, yuko Nairobi akiwaeleza wafadhili ugunduzi wake. Wake! Mkono uliozama topeni ulikuwa wa nani? Rahima aliona wivu. Kila tini iliyopondwa bure ilimpa raha, raha ikamtia aibu, na aibu nayo haikumfungua mdomo.

Simu ya Quinter ililia. Alisikiliza, akawasha spika, akaiweka mezani. "Daktari anakutaka wewe."

"Rahima, shoga yangu." Nusra alikuwa akilia. "Kesho wanafunga mradi. Wasema nimewadanganya. Nambia, zile tini ulizipata wapi?"

Miaka yote Rahima alitamani kuisikia sauti hiyo, ya yule msichana aliyelizwa na hesabu. Sasa aliisikia, na haikumshibisha hata kidogo.

"Si tunda, Nusra," alisema. "Ni tini. Tini ya mizizi. Ni tope."

"Subhanallah. Tini!" Nusra alicheka na machozi yake, akacheka tena, "Tini na yuu!" Halafu kicheko kikakatika.

"Rahima. Wewe ndiwe uloandika, na tini zapondwa mbele yako. Tangu lini wayua kosa hili?"

Quinter aliweka mchi chini. Rahima alifuta mikono kwenye kanga, polepole, kidole kwa kidole.

"Tangu siku ya kwanza."

Kwenye kioo cha simu sekunde ziliendelea kuhesabika, arobaini, arobaini na moja, na Nusra hakukata simu.