Vidonge vya Bi Kazija

Mwaka wa 1959, karafuu za mwisho zilipokwisha kuanuliwa, Daktari Jivraj alifika kijiji cha Pujini na karani wake, Hija, akawaita skuli watu wote waliopindukia miaka sitini. Alikuwa akifanya uchunguzi wa wazee ambao moyo umechoka, wenye kuvimba miguu na kukatika pumzi. Alitaka kujua dawa ya moyo inawafanya nini macho yao.

Bi Mwatum alikuwa wa kwanza kufika. Alivaa kanga mpya, akakaa mbele. Daktari alimsikiliza kifua, akambonyeza miguu, akamtazama macho kwa kurunzi, kisha akacheka.

"Bibi huyu ana moyo wa msichana," alimwambia Hija. "Arudi nyumbani."

Watu walimpongeza. Yeye aliona kama amefukuzwa, hasa pale alipogeuka akamwona mke mwenzake, Bi Kazija, amebakishwa kwenye kiti na jina lake linaandikwa.

Walikuwa wake wa Mzee Soud, ua mmoja, milango miwili. Mwatum ndiye mkubwa. Kazija alikuja miaka tisa baadaye, na wivu wa siku zile Mwatum aliuchukua mpaka ukazeeka pamoja naye. Alidhani umekufa.

Tangu siku ile, kila baada ya wiki mbili, Jumanne, landrova ilisimama mlangoni kumchukua Kazija kumpeleka hospitali ya Chake Chake. Mzee Soud alimshika mkono mpaka garini. Alasiri akirudi, mume alikuwa keshamtandikia mkeka.

"Haya, leo wamekwambiaje?"

"Wameuchora moyo wangu kwenye karatasi," alisema Kazija. "Milima na mabonde. Kisha wakanionesha rangi, wakaniuliza hii ipi na hii ipi."

Mzee Soud alisikiliza mdomo wazi. Mwatum alikuwa jikoni anakuna nazi, na kila neno lilimfikia. Mwaka mzima mgongo ulikuwa ukimuuma kwa kulima muhogo. Nani aliyemuuliza mgongo umekwambiaje?

Kazija alipewa kopo la vidonge vidogo vyeupe, viwili kila siku, na Hija akamkanya asimpe mtu. Haukupita mwezi, miguu ikanywea, pumzi ikarudi, akaanza kucheka kama zamani. Mwatum alimtazama akimpita mume uani na uso unaong'aa. Dawa gani hii, alijiuliza, inayomrudisha mtu ujanani na kumgeuza mume kichwa?

Siku moja Kazija alipokwenda chooni, Mwatum aliingia chumbani kwake, akafungua kopo, akameza viwili. Kesho yake akameza vitatu, na siku zilizofuata akaendelea vivyo hivyo. Kazija alikuwa haoni vizuri vitu vya karibu, vidonge alivitafuta kwa vidole, hakujua vinapungua.

Baada ya siku chache chakula kikamchukiza Mwatum. Akala wali, akautapika. Halafu vitu vikaanza kubadilika. Asubuhi ya Ijumaa alimwona mume anatoka kwenda msikitini, akapiga kelele.

"Kazija! Ndiyo kufua huku? Kanzu ya mume umeitia manjano!"

Mzee Soud alijitazama. "Kanzu nyeupe hii, Mwatum. Una nini?"

"Mtetee! Mtetee mkeo!"

Jumamosi kopo likawa tupu. Kazija aliona haya kusema, akangoja gari. Ilipofika Jumanne hakuweza kuinuka. Miguu ilikuwa imejaa maji tena, na alipumua ameketi, ameshika kizingiti. Safari hii Daktari Jivraj alikuja mwenyewe. Alitikisa kopo.

"Umevimaliza mapema. Ulikuwa ukila vingi?"

"Wallahi viwili tu, Daktari."

Daktari hakusadiki. Alitoa karatasi, akaiinua mbele ya macho ya Kazija, kwani aliyezidisha dawa ile, rangi humbadilikia machoni.

"Rangi gani hii?"

"Nyeupe."

Mwatum alikuwa amesimama mlangoni. Hata pale, mwenzake anahema, alichokiona ni kwamba Kazija anaulizwa, Kazija anajibu, na kila mtu anamsikiliza yeye.

"Mwongo!" alisema. "Ya manjano hiyo, kila mtu anaona!"

Daktari aliishusha karatasi polepole, akamwendea, akamshika kifundo cha mkono. Alihesabu mapigo ya moyo, uso ukibadilika.

"Bibi, umekula vidonge vingapi?"

Alitaka kukataa. "Sikuhesabu," alisema.

Walipakiwa landrova moja, wakalazwa hospitali vitanda vya jirani. Siku ya tatu, Kazija alipopata pumzi ya kusema, alimgeukia.

"Ungeniua, Mwatum."

"Sikutaka ufe."

"Ulitaka nini?"

Mwatum alitazama dari. "Nilitaka na mie niulizwe."

"Uulizwe!" Kazija alikohoa kwa hasira. "Mie kila siku nakuona unakwenda konde na kurudi na miguu yako mizima, unampikia, anakula anamaliza. Nakaa pale mkekani nakuhusudu mpaka nalia. Na weye unaniibia dawa."

Mara akaingia Mzee Soud, ametoka Pujini kwa miguu, amebeba uji. Alisimama kati ya vitanda viwili, kisha, kama alivyozoea, akamwelekea Kazija.

"Nenda kwa mkubwa kwanza," Kazija alimwambia.

Akageuka, akakaa kando ya Mwatum, akamuuliza hali. Mwatum alimjibu kwamba hajambo. Uji ulikuwa na sukari ya kutosha, naye aliunywa wote, huku moyo ukimchoma kwamba hata kwa hilo mume alihitaji kutumwa, na aliyemtuma ni Kazija.