Mtu Yenu Ameanguka

Siku ya mashindano siwezi kukaa kitako. Dabaso, dereva wetu, husema nina siafu miguuni, na siku ile ya mwisho wa msimu walikuwa wengi kuliko kawaida. Tulikuwa tumesimamisha pikapu kando ya barabara karibu na Wenje. Mimi nazunguka gari, redio mkono huu, simu mkono huu, namuuliza Dabaso saa ngapi ilhali saa ninayo mwenyewe.

Katika klabu yetu ya Garsen mimi kazi yangu ni kuongea tu. Siruki, hata ngazi za ghorofa naziogopa. Huku kwetu hakuna mlima wa kurukia, kwa hiyo rubani hufungwa kamba, Dabaso humvuta kwa pikapu, bawa lake la kitambaa hujaa upepo, na akifika juu hujifungua na kwenda zake kaskazini. Injini hana. Hutafuta hewa ya moto inayopanda kutoka ardhini, akazunguka ndani yake kama tai, na akiishiwa hutua popote. Aliyefika mbali zaidi ndiye mshindi. Sisi wa gari huwafuata kwa barabara.

Redio nilipewa kwa sababu ya Kiswahili changu. Mimi ni wa Kipini, nimekinyonya na maziwa ya mama, na jambo hilo sikumficha mtu. Rubani akisema "kitu yangu", nilimrekebisha hapo hapo hewani, wenzake wote wakisikia.

Aliyerekebishwa zaidi ni Mumina, binti wa Kiorma, mwembamba, mkaidi, asiyejua kununa. Misimu mitatu alikuwa akitafuta kilomita mia. Anayezifikisha, klabu humpeleka mashindano ya kitaifa kule Kerio. Baba yake alimpa misimu hiyo mitatu tu: akishindwa, bawa liuzwe, arudi kukaa nyuma ya kaunta ya duka lao la dawa za mifugo. Siku ile ndiyo ilikuwa ya mwisho.

Kufikia saa saba mchana waliobaki angani walikuwa wawili, Mumina na Jaafar. Jaafar ni kaka yangu, kitinda mimba wetu, na nilimlea mimi mama alipofariki. Mumina alikuwa ameshaipita Hola. Jaafar redio yake ilikuwa kimya kwa saa nzima.

"Betri hiyo," Dabaso akasema. "Utajiua bure, dada."

"Nani kakuuliza?"

Simu ikalia. Namba ngeni, sauti ya mzee, nyuma yake mlio wa ng'ombe.

"Mama, mimi Abduba. Napata namba hii kwa karatasi. Mtu yenu ameanguka huku."

"Ameanguka wapi? Yukoje?"

"Huku, kwa malisho, upande ya Wenje. Nalala chini ya mti. Mimi napa yeye maziwa, nakataa. Hata kidogo nakataa. Kuja chukua yeye, mama."

Laini ikakatika. Nikapiga, haipatikani. Nikapiga tena na tena.

Ameanguka. Amelala. Hawezi hata kumeza maziwa. Njooni mumchukue. Niliyasikia maneno hayo kwa Kiswahili changu kizuri, neno kwa neno, na nikamwona ndugu yangu kavunjika shingo.

Kanuni ya klabu ni moja: rubani akianguka, mashindano yanafungwa, wote wanatua. Nikaibonyeza redio.

"Kuna ajali. Wote walio juu watue. Sasa hivi."

Aliyekuwa juu alikuwa mmoja.

"Dada Hasina, hapa Mumina. Niko kilomita tisini na moja. Niko juu sana, hewa iko poa. Nani ameanguka?"

"Jaafar! Nimesema tua!"

"Nani amesema ameanguka? Umeona wewe?"

"Mumina, usinipotezee muda! Tua!"

Akasema polepole, "Sawa, dada. Natua."

Dabaso alikata porini, nusura aache tairi moja kwenye miiba. Mimi nilikuwa nimeshika dashibodi, namwomba Mungu, namtukana Dabaso, naomba tena. Tulifuata ng'ombe, tukawauliza wachungaji, na baada ya nusu saa tukaona mgolole, na chini ya mgolole miguu ya kaka yangu, na mzee mmoja amekaa pembeni na kibuyu cha maziwa, anamfukuzia nzi.

Nikaruka kabla gari halijasimama. Nikamshika mabega. Jaafar akafumbua macho, akapiga mwayo.

"Dada? Mbona walia?"

Nilimzaba kofi. Kisha nikamkumbatia, kisha nikataka kumzaba la pili.

Alikuwa ametua salama salimini. Redio imezima, simu haina chaji, akampa mzee kadi yenye namba yangu amuombee gari, akajilaza kusubiri. Na maziwa?

"Yanuka moshi," akanong'ona. "Mimi moshi siuwezi."

Mzee Abduba alikuwa bado ana wasiwasi. "Huyu kijana ako mgonjwa," akaniambia. "Mtu nakataa maziwa, si mzima."

Nikamshukuru mzee. Redio iliyokuwa shingoni mwangu haikuwa na mtu tena wa kumwita.

Tulimkuta Mumina mbele ya Hola jua likiwa bado juu. Angani yale mawingu madogo meupe, yanayooteshwa na hewa ipandayo, yalikuwa yamejipanga safu moja hadi Chewele na kuendelea. Hata mimi nisiyeruka nilijua ile ilikuwa barabara ya lami. Mumina amelikunja bawa, amelifunga, amesimama juani. Alikuja mbio kwenye dirisha.

"Jaafar yuko hai?"

Jaafar akachungulia kutoka nyuma, akainua mkono kwa aibu.

Mumina alimtazama. Akashusha pumzi, akasema alhamdulillahi, na aliisema kwa moyo. Kisha akanigeukia.

"Aliyepiga simu ni nani?"

"Mzee mmoja wa kwenu."

"Alisema aje?"

Nikamwambia, bila kurekebisha neno. Nilipofika kwenye "ameanguka", alifumba macho.

"Dada, kwa wazee wetu kila kitu inatoka juu inaanguka. Mvua inaanguka. Ndege inaanguka kwa mti. Hajui kutua. Angekuwa ameumia, angesema amevunjika."

"Sikujua," nikasema. "Wallahi, Mumina, sikujua."

"Najua hukujua." Alitupa mfuko wa bawa nyuma ya pikapu, taratibu, akaupanga vizuri bawa lisije likachanika, maana mnunuzi angelikagua. "Lakini Mworma alikuwa angani, na redio sikioni. Nilikuuliza ni nani amesema. Ungeniambia tu."