Kifua Aidai Tarumbeta Yake

Mlio ulimpokea akiwa bado kwenye ngazi: mnene, uliokwama, kama mbuzi aliyebanwa na mlango. Kifua akasimama kwanza acheke. Tarumbeta ile ilikuwa yake, na aliyekuwa akiitesa alimjua vilevile.

Wiki iliyotangulia, hospitali ilimpigia simu kwamba protini ya ugonjwa wake imeonekana tena kwenye damu. Kifua, mpiga tarumbeta ambaye bendi nzima ilimbatiza jina hilo kwa pumzi zake, hakungoja maelezo. Saratani ya uboho ilipomshika mara ya kwanza, mbavu zilimuuma hata kukohoa kukawa kazi ya kupangia siku. Basi, akajisemea, yamekwisha. Akamkabidhi tarumbeta shemeji yake, fundi bomba, amrithi kwenye bendi angali hai. Leo ametoka kwa daktari, na anaitaka.

"Lete," alisema mara tu alipoingia.

Shemeji akaikumbatia. "Nilete nini? Ulinipa huku unalia. Na mimi nimeshashika nyimbo mbili."

"Zipi, shemeji? Mimi hapo ngazini nimesikia ajali."

Mke wa Kifua akatoka jikoni, mikono imejaa povu. Yeye hakucheka. "Daktari amesemaje?"

Kifua akavuta kiti. "Anasema ugonjwa huu hurudi kwa namna mbili. Kuna kurudi kwenye damu tu: protini inapanda, lakini mwili haujaguswa. Na kuna kule kunakouma: figo zinachoka, damu inapungua, mifupa inalika, madini yake ya kalisi yanamwagika kwenye damu. Amepima vyote hivyo, kimoja kimoja, na mifupa akaipiga picha. Vyote vizima. Wangu ni wa namna ya kwanza, tena unapanda kwa mwendo wa kinyonga. Dawa hataki kunipa sasa. Atakuwa ananipima damu kila mwezi."

"Na kupuliza?"

"Hilo nilimuuliza kabla ya salamu. Kasema nipulize mpaka majirani wahame."

"Wawili wameshaanza kufunga mizigo," alisema fundi bomba, akamnyooshea tarumbeta.

Kifua alijaza mapafu akazisikiliza mbavu zake. Kimya, hazikulalamika. Akapuliza. Sauti ikatoka nzito, safi, ikazunguka chumba, ikapita dirishani, na huko nje mtu akapiga makofi. Shemeji akaanza kucheza na ufagio. Mkewe akacheka hadi akajifutia machozi kwa povu, macho yakamwasha, akazidi kucheka.

Alipotulia, alimshika mumewe mkono. "Na siku ya kupimwa ikikuta bendi iko safarini?"

Kifua akaiweka tarumbeta mapajani.

"Bendi itatangulia, mimi nitatoa damu kwanza. Na protini ikianza kukimbia, au mbavu zikiniuma hata kidogo, wewe utajua siku hiyohiyo, mke wangu, na dawa nitaanza bila kubembelezwa. Nakuahidi, na huyu kaka yako anasikia."