Tope la Mizizi

Kaburi la mke wangu halioti kitu. Mgodi ukishasaga mawe yake, mabaki unayarundika nyuma ya nyumba zetu, na upepo ukivuma, lile vumbi la kijivu lote linashukia makaburini. Vumbi hilohilo ndilo lililommaliza mapafu. Wakubwa wa mgodi walisema pumu.

Binti yangu kila akija huuliza, "Baba, hata jani moja?"

Mimi kibarua wa kitalu cha mgodi. Mabaki hayo tunayachanganya na mboji, tunatia fangasi, tunapanda nyasi za bustani. Niliposikia fangasi nilisema hao mbona ninao vidoleni. Mtaalamu, dada mmoja mpole, akacheka, akanieleza kwamba hawa hujishika kwenye mizizi wakaitafutia maji na chakula. "Kwa hiyo mzee wangu, ukihamisha nyasi, hamisha na udongo wake." Na kweli zikaota, kijani kibichi.

Nikamwomba meneja trei moja ya nyasi hizo, nikapande kaburini. Akasema ni mali ya kampuni, na zote zinakwenda nyumbani kwake, ana wageni. Vumbi wanatugawia bure, nyasi hawatoi.

Tukazipeleka, mimi na mwenzangu tunayemwita Kijiko, maana hakuna jambo la mtu asilolikoroga. Mke wa meneja akatoka barazani, mkono puani.

"Hilo tope la mgodi lisiingie kwangu. Osheni mizizi kwanza."

"Mama, tuliambiwa zipandwe na udongo wake."

"Na mimi nawaambia muoshe."

Kijiko akaninong'oneza, "Osha, mzee. Hawa wakisema mvua inanyesha kutoka chini, wewe kunja suruali."

Nikaosha, mgongo ukiwaka moto. Maji ya ndoo yakawa uji wa kijivu, vijishina vilivyokatika vikielea juu.

"Kamwage mtaroni," akasema mama.

"Nitamwaga njiani."

Kijiko akanitazama, akashika kishikio cha ndoo upande wa pili. Siku hiyo hakuuliza kitu.

Kaburini nilimwaga lile tope polepole, nikachomeka vijishina kimoja kimoja. Nyasi za meneja sijui ziliishaje, sikurudi kuangalia.

Asubuhi kabla ya kazi hupita pale, nikapangusa vumbi. Jana niliona kitu cha kijani, chembamba kama uzi. Binti yangu sijamwambia. Upepo ulikuwa umeshaanza, nikachuchumaa upande unakotokea, nikakikinga kwa mgongo mpaka king'ora cha kazi kikalia.